Mnong'ono Chini ya Wimbo wa Kalunde

Msiniulize nimeambiwa na nani. Nilikuwepo mwenyewe, na masikio yangu haya husikia hata kunguni akikohoa. Rafiki yangu Mulinge hurekodi nyimbo za kanisa chumbani kwake, hapa Kitengela. Dirisha ameliziba kwa godoro ili kelele za machimbo ya mawe zisiingie, kwa hivyo hata mchana ndani ni giza.

Mkewe Kalunde alikuwa amefariki, akaacha wimbo mmoja aliourekodi peke yake humo ndani. Mulinge alitaka upigwe kesho yake mazishini. Sauti nyingine ya mkewe hakuwa nayo.

"Sauti yake iko chini sana, bwana," nikamwambia. "Huko nje hata mbuzi wa jirani watamshinda."

"Ngoja niibane na kompresa. Sauti kubwa zishuke, ndogo zipande. Halafu niweke limita ya kuizuia isipasuke."

Akabana. Kalunde akapanda, mpaka tukamsikia akimeza mate. Akabana tena. Hapo chini yake ukatokea mnong'ono, ukimtajia kila mstari kabla hajauimba, vile mzee wa kanisa hututajia sisi tusiojua kusoma vizuri.

"Alikuwa na nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu. Alifunga mlango kwa ndani, mimi nikangoja nje."

Wimbo ukaisha. Mnong'ono haukuisha. Ukataja mstari mmoja zaidi, polepole: "Sasa zamu ya Mulinge."

Akaurudisha wimbo mwanzo, akajaribu kuupunguza mnong'ono, lakini kila ulipopungua, Kalunde naye alipotea. Mwishowe akachomoa waya wa umeme, kukawa kimya.

Haya, nakubali, hapo nimetia chumvi. Hakukuwa kimya.