Vibarua Wasiokula

Jua lilikuwa limeshagusa miti ya ng'ambo ya Ruvu, na Zena alikuwa anafunga bakuli la ubwabwa kwa kitambaa, upesi upesi, kabla mumewe hajarudi kutoka stesheni.

Ubwabwa wenyewe aliupika kwa kujificha, masikini. Mchele kaununua kwa hela zake za vitumbua, nazi kaazima kwa jirani, kitoweo hakuna. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya shemeji yake, Matano, kijana aliyelala mzima akaamka maiti. Na kaka yake Matano, ndiye huyo mume wa Zena, Mwinyimadi, alikataa kupika hitima.

"Marehemu hali," alisema. "Wanaokula ni majirani. Sasa mimi nilimie matumbo ya watu?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakuzaliwa hivyo. Ni tangu mwaka wa nzige, njaa ilipowapitia wakala mpaka mizizi, ndipo mkono wake ulipofunga. Hela ikiingia, haitoki. Watu wa bondeni walipopalilia mpunga waliitana, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye mpishi wa siku hiyo. Mwinyimadi akaacha kuita watu. Alisema kuwalisha kunamaliza faida. Lakini shamba lake, kubwa kuliko yote pale, likawa safi, halina gugu hata moja. Watu walishangaa, mwisho wakachoka kushangaa. Mwenyewe alisema analima alfajiri wenzake wakiwa wamelala.

Kwa mkewe alikuwa na katazo moja tu. Asikanyage bondeni jua likiinama.

Siku zote Zena alitii. Lakini siku hiyo mama mkwe wake, Bi Mwamini, alikuwa peke yake kule ng'ambo ya shamba, analia kwamba mwanawe hakusomewa hata fatiha juu ya sahani ya wali. Njia ya kuzunguka ni ndefu. Na nyumbani Siwema, binti yake wa pekee, alikuwa amelala ana homa. Homa ya ajabu. Asubuhi mtoto anacheza, alasiri ikifika analegea, analala fofofo, akiamka anasema amechoka. Zena aliomba hela ampeleke hospitali. Akaambiwa homa ya mtoto huisha yenyewe.

Kwa hiyo alikata katikati ya shamba. Aende, arudi mbio kwa mwanawe.

Mpunga ulikuwa umefika magotini. Upepo ulikufa. Vyura, ambao saa ile hupiga kelele mpaka masikio yakaziba, walikuwa kimya.

Kisha akasikia.

Chwa… chwa… chwa…

Majembe. Majembe mengi, yanaingia kwenye tope kwa pamoja na kutoka kwa pamoja.

Akawaona. Mstari wa watu wameinama, migongo yao kwake, wanapalilia. Hakuna anayeimba. Hakuna anayekohoa. Zena alipumua kidogo. Kumbe mume wangu ana vibarua, alijiambia, anawaficha tu ili tusiwapikie.

Huko kwao hupiti watu wanaolima ukanyamaza, ni utovu wa adabu. Na ukiwa umebeba chakula kilichoiva, unawamegea kwanza, ndipo uendelee na safari yako. Zena alilelewa hivyo na mama yake, na mama yake alilelewa hivyo.

"Poleni na kazi," alisema.

Majembe yakasimama.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Tope, jasho hakuna… tope na karafuumaiti. Ile wanayowekewa watu kwenye sanda.

Miguu ikakataa kurudi nyuma. Mdomo wake, kwa mazoea tu, ukamaliza kilichobaki. "Karibuni chakula."

Wakageuka. Nyuso zao zilikuwa na tope mpaka machoni. Wakalizunguka bakuli, wakachota kwa vidole, wakala. Taratibu, kama watu wanaojaribu kukumbuka jambo. Mmoja wao alikuwa na kovu la moto kwenye kiwiko, na Zena alilijua kovu lile. Alikuwepo siku alipoungua.

"Shemeji," yule mtu akanong'ona. Sauti ilikuwa kavu, kama majani. "Mbona hamkunipikia?"

"Matano…"

"Kumbe nilikuwa na njaa, shemeji. Nilikuwa nimesahau."

Wenzake wakajilamba vidole. Na Zena, katika ukimya ule, akasikia kwamba si majembe yote yaliyosimama.

Chwa… chwa…

Mwisho wa mstari palikuwa na jembe fupi, mpini wake saizi ya mtoto. Lilikuwa linapanda na kushuka. Linapanda na kushuka.

Hakuna aliyelishika.

"Huyo hajafika mzima," Matano alisema. "Anakuja kidogo kidogo. Palizi likiisha atakuwa kafika."

Zena hakuuliza ni nani. Mama haulizi. Alilivamia lile jembe, akaushika mpini kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto, na una unyevu, kama kiganja cha mtu mwenye homa. Akalivuta kutoka kwenye tope, likamvuta yeye. Akavuta tena, likatulia. Akalitupa, akakimbia. Kanga ilibaki kwenye mpunga. Viatu vilibaki kwenye tope.

Siwema alikuwa ameketi kitandani, anatetemeka.

"Mama, mikono inaniuma."

Zena alisogeza kibatari. Viganja vyote viwili vya mtoto vilikuwa na malengelenge, mengine mapya, mengine yameshapasuka. Na chini ya kucha… tope.

Mlangoni mtu akajikohoza. Mwinyimadi amerudi. Alimtazama mkewe asiye na kanga, akaitazama na miguu yake yenye tope.

"Umepita shambani."

"Baba Siwema, wale ni nani?"

Akakaa juu ya sanduku lake, lile la kufuli. Akasema polepole, kama mtu anayeeleza habari ya mbolea.

"Kuna bwana mmoja ananunua mpunga stesheni. Kanzu safi, siku zote amesimama kwenye kivuli. Akaniambia, unavyotoa jasho na unavyolisha watu, hutatajirika. Nitakupa vibarua wasiokula. Nikamuuliza bei, akasema hataki hela."

"Na wewe ukakubali."

"Ilikuwa rahisi, mama Siwema. Sikuona kinachopungua."

"Matano ndugu yako hakupungua? Na huyu?" Alimwinua mtoto, akamwonyesha viganja.

Mwinyimadi hakutazama. "Bwana alisema kila msimu shamba likiongezeka, mstari nao uongezeke. Mimi sikumtaja mtu. Anachagua mwenyewe."

"Basi liache shamba."

"Mwaka huu? Na bei ilivyopanda?"

Alikuwa hatanii. Hilo ndilo lililomtia Zena baridi kuliko yote ya shambani. Kisha mume akaona bakuli halipo mahali pake, na uso wake ukabadilika.

"Zena. Umewapa chakula?"

"Nimewapa."

"Lahaula… Wakionja watakumbuka njaa."

Nje, uani, kitu kikaburuta. Kikasimama. Kikaburuta tena. Nyayo zenye maji, nyingi, zinatafuta pa kukaa. Harufu ya karafuumaiti ikapenya kwenye nyufa za mlango.

"Hodi," ikasema ile sauti kavu. "Hodi, kaka. Tumekuja kula."

Zena alichungulia. Walikuwa wameketi uani kwa mstari, mikono magotini, kama wageni wa karamu wanaosubiri sinia.

"Baba Siwema," akanong'ona, "ghala limejaa. Nifungulie, nitwange, niwapikie wote. Wakishiba labda watatuachia mtoto. Nifungulie."

Mwinyimadi akaushika ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Unaona kabisa kwamba anaogopa, meno yanagongana. Lakini mkono ule ukaufumba ufunguo.

"Mpunga ule ni wa kuuza," alisema.

"Hata sasa?"

"Ukishaanza kuwalisha, utawalisha mpaka lini?" Macho yake yakateleza, yakaenda kwa mtoto, yakarudi chini. "Palizi limebaki kidogo tu. Huyu akifika, mambo yatatulia."

Zena alimfunga Siwema mgongoni, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, akachukua kijaluba chake cha hela za vitumbua, akapita mlango wa nyuma. Nyuma yake alisikia mlango wa mbele unasukumwa. Polepole. Halafu sauti ya mumewe, tulivu, anapatana bei.

"Subirini mavuno. Mtakula mavuno."

Halafu hakusikia tena.

Treni ya kwenda pwani ilimkuta stesheni amejibanza kwenye magunia. Hela zile zote aliziacha kwenye tiketi. Walishuka Pugu, wakapanda mlima kwa miguu mpaka Kisarawe kwa mama yake mzazi, Bi Tatu. Kesho yake homa ya mtoto ikakatika, malengelenge yakakauka. Bi Tatu alichinja kuku, akaita majirani, wakamsomea Matano hitima na kula mpaka sufuria likakwanguliwa. Kila mtu akasema yamekwisha.

Ilipita miezi. Ndipo Adamu, muuza mkaa aliyekuwa anapita huko Ruvu, akaja kusalimia.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Huko bondeni wanasemaje?"

Adamu akamtazama Zena kwa kuiba. "Nyumba ile haina mtu. Imeota majani mpaka mlangoni. Lakini shamba, dada yangu, shamba ni safi. Nilipita jioni moja, nikamwona shemeji Mwinyimadi anapalilia mbele ya mstari wa vibarua. Nikamwambia, pole na kazi. Hakuinua kichwa."

"Na mpunga anavuna nani?" akauliza Bi Tatu.

"Unavunwa. Magunia yanafika stesheni kila mara, yameshonwa vizuri. Kuna bwana mmoja wa kanzu ndiye anayepokea hela. Ukiuliza wenyeji jina lake, kila mtu anasema alidhani wewe ndiye unayemjua."

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya kilima. Siwema alikuwa amekaa mkekani pembeni ya mama yake, anachambua choroko, na mkono wake mmoja ulikuwa mapajani mwa Zena, kama kawaida yake.

Ule mkono ukakaza.

Vidole vikajikunja, vikashika kitu ambacho hakipo. Zena akaukamata kwa mikono yake miwili. Ulikuwa wa moto, na una unyevu.

"Siwema. Mwanangu, nitazame."

Mtoto alikuwa anatazama upande wa Ruvu.

"Baba ananiita," akanong'ona. "Anasema yeye peke yake hatoshi."

Na kutoka upande huo, taratibu, kitu kikaanza kuuvuta ule mkono.