Aliyeiba Ulimi wa Kengele

Kengele yenyewe ilikuwapo. Shaba tupu, inang'aa kwenye ghorofa ya juu ya mnara uliokuwa wa walinzi wa mto na sasa ni makumbusho ya vyombo vya majini. Kilichoibwa ni ulimi wake tu, kile chuma kinachoning'inia ndani na kuipa sauti.

"Mwizi wa vyuma chakavu," sajini alisema, akipaka poda ya kuchukulia alama za vidole.

"Aache shaba abebe chuma?" Inspekta aliinama. "Mwizi huyo arudi shule."

Kamba haikukatwa. Ilifunguliwa fundo, ikakunjwa duara kwa duara, ikatundikwa msumarini nyuma ya mlango. Inspekta aliitazama, akajisikia vibaya kabla hajajua kwa nini. Mwizi huwa na haraka. Huyu alipanga vitu kama anayekabidhi zamu.

Mnara huu aliujua. Alipokuwa na miaka kumi shule iliwaleta hapa, wakapokewa na Kapteni, mlinzi wa zamani aliyegeuka mwongoza wageni. Jina la utani tu. Hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Aliwasimulia siku ya mafuriko: magogo yalichomoka juu mtoni, kengele ikapigwa mara tatu, lakini nahodha wa kivuko hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akazama na abiria sita. Inspekta naye amewasimulia wanawe kisa hicho kila walipokuwa wabishi.

Wenye funguo walikuwa watatu. Wa kwanza, msimamizi wa makumbusho, alijibu huku akifuta jasho.

"Kengele ilikaa bila kupigwa miaka na miaka. Wiki iliyopita tukaanza kuwaruhusu wageni waipige. Wameipenda mno."

"Nani alipinga?"

"Hakuna. Kapteni ndiye aliyeifunga kamba, kwa mkono wake."

Wa pili alikuwa mama wa makamo kwenye dirisha la tiketi.

"Kengele ilikukera, mama?"

"Inikere? Mwanangu, hiyo ndiyo iliyomwonya mume wangu akaleta kiburi."

Inspekta alinyanyua macho. "Mumeo ndiye nahodha wa kivuko?"

"Ndiye. Nakaa ng'ambo, nyuma ya kiwanda cha mbao. Juzi sikuwa kazini, niko jikoni, redio inaimba, nikaisikia mpaka mwiko ukanitoka mkononi. Jana nikamwambia Kapteni: kumbe ina sauti hivi! Mume wangu alikuwa katikati ya mto. Aliikosaje?"

"Akasemaje?"

"Alisema upepo. Na chai niliyompelekea hakuimaliza."

Jana. Na leo asubuhi ulimi haupo. Inspekta alitamani awe na swali jingine la kumuuliza mtu mwingine. Hakuwa nalo. Akapanda ngazi.

Kapteni alikuwa akifuta vumbi kwenye kabati la madaftari ya zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Usinifanye nikuulize mara mbili. Kamba umeikunja mwenyewe."

Mzee alivuta droo ya chini, akatoa sweta la sare yake ya zamani. Ndani yake mlikuwa na chuma.

"Mazoea," alisema. "Mkono haujui kuacha kamba chini."

"Siku ile ulipiga kengele?"

Alikaa kitini taratibu. "Nilishuka kununua sigara. Dakika kumi, hazizidi. Niliporudi magogo yalishapita, watu wanalia. Nikashika kalamu badala ya kamba. Nikaandika: kengele imepigwa mara tatu."

"Kwa nini hukusema baadaye?"

"Nilisema nitasema kesho. Kesho yake walishamlaumu nahodha, na maiti hajitetei. Mkewe akaja kuomba kazi, nikamtafutia hapa. Ananiletea chai kila siku, mwanangu. Ile chai imenimaliza."

"Na ulimi?"

"Angeisikia siku mbili tatu zaidi angejua. Nilitaka nife kwanza."

Inspekta aliandika maelezo yote, mzee akatia sahihi. Alimkasirikia, akamhurumia, na aliona aibu kwa ajili ya kile kisa alichowalisha wanawe.

"Niache nimwambie mwenyewe," mzee aliomba.

Walishuka bila pingu. Alisema yote pale dirishani, kofia mkononi. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Sigara?" aliuliza.

"Sigara."

Alifunga kitabu cha tiketi, akashusha dirisha, akatoka kwa mlango wa pembeni. Alimpita mzee bila kumtazama, akasimama mbele ya msimamizi.

"Miaka thelathini na moja sijakanyaga kaburini kwake. Watoto nimewalea wakiona haya kumtaja baba yao. Naomba ruhusa ya leo. Na jembe la bustani, kama lipo. Naenda kumpalilia mume wangu."

Inspekta ndiye aliyekwenda kulitafuta.