Doa Huandikwa Kwanza

Mimi ni dobi. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na saba sasa, na mikono yangu inajua sabuni kuliko inavyojua mafuta ya kujipaka. Chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba. Kina meza ya pasi, kamba tatu, rafu ya nguo zilizokunjwa na daftari moja lenye jalada gumu.

Daftari hilo usilidharau. Nguo ikiingia, siifui kabla ya kuiandika. "Shati jeupe. Doa la wino, mfuko wa kushoto. Kifungo cha pili hakipo." Kisha naishonea kitambaa kidogo chenye namba. Kwa nini? Kwa sababu binadamu ni binadamu. Mtu ataleta shati lenye doa, na akija kulichukua atakutolea macho: "Dobi, umeniharibia shati!" Mimi namfungulia daftari tu. Kelele zinaisha.

Mpiga pasi wangu ni binti yangu. Ana miaka ishirini. Mwaka huu alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, na masomo yalikuwa yaanze baada ya wiki tatu. Akipiga pasi huimba. Sauti yake si nzuri, siwezi kusema uongo kwa sababu ni mwanangu. Lakini wateja wameizoea.

Jumatatu moja hakuimba. Jumanne pia kimya. Jumatano akaunguza suruali ya mteja, yeye ambaye hajawahi kuunguza hata leso. Simu yake ilikuwa juu ya meza, inatetema kila mara, na kila ikitetema anashtuka.

"Una nini, mama?" nikamuuliza.

"Sina kitu."

"Sina kitu ndiyo imeunguza suruali?"

Akakaa juu ya kapu la nguo chafu, akalia. Kisha akanipa simu.

Jamani! Mtu alikuwa amefungua ukurasa mtandaoni kwa jina la binti yangu. Aliweka picha yake, ile aliyopiga ameshika pasi ili kutangaza kazi yetu. Aliandika namba yake ya simu, na maneno ya kumtangaza kama mwanamke wa kununuliwa. Wanaume asiowajua walikuwa wakimpigia tangu asubuhi hadi jioni. Tena mwenye ukurasa alimtumia picha ya mwanamke asiye na nguo, kichwa cha binti yangu kimebandikwa juu yake. Chini ameandika: "Usiponikubali, picha hii itafika chuoni kabla yako."

"Si mimi, mama. Haki ya Mungu, si mimi."

"Najua si wewe. Mimi ndiye niliyekuogesha."

"Siendi tena chuo. Wakiiona, nitaweka wapi uso wangu?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mimi ni dobi. Nikiona uchafu, mkono unawasha. Nilichukua simu, nikafuta. Nilifuta ujumbe, nikafuta picha, nikafuta na orodha ya waliopiga. Nilifuta kama mtu anayesugua kola.

"Haya," nikamwambia. "Yamekwisha. Tusimwambie mtu."

Yamekwisha wapi! Kesho yake asubuhi wifi yangu aliingia bila hodi. Wifi ni dada wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani huonekana kwa nadra, lakini dada yake tunaye kila siku. Ni mtu wa habari. Simu yake imejaa mpaka inakwama, maana hafuti kitu. Ana salamu za asubuhi za miaka mitano. Ana picha za harusi za watu asiowajua.

"Wifi, umeyaona haya?" Akaninyooshea simu. Ukurasa ule ule ulikuwa umemtumia picha ile ile. Chini yake: "Mwambie mtoto wa kaka yako anikubali. La sivyo, hii inakwenda chuoni."

Nilisoma mara mbili. Wifi naye akavuta pumzi. "Unajua wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama..."

"Malizia hiyo methali uone!" nikamwambia. Nilikuwa nimempokonya binti pasi, tena ya moto.

Akanyamaza. Kwa wifi yangu, hilo nalo lilistahili kuandikwa kwenye daftari.

Mara akaingia mteja aliyefuata sare zake. Tunamwita Koplo, maana ndicho cheo chake. Ni askari mwanamke. Ni mpole, lakini macho yake hayaachi kitu.

"Leo mpiga pasi haimbi?" akauliza.

Nilitaka kusema kichwa kinamuuma. Binti yangu akanitangulia. Alizima pasi, akageuka.

"Koplo, kuna mtu ananidhalilisha mtandaoni."

Koplo aliacha habari ya sare, akavuta kigoda. Hakumuuliza alivaa nini. Hakumuuliza alimfanyia nini mtu huyo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana," akasema. "Kosa si lako. Kosa ni la anayefanya hivi. Huo ujumbe uko wapi?"

"Nimeshaufuta," nikadakia. Tena kwa kujisifu, Mungu anisamehe.

Koplo alinitazama. Kisha akagusa daftari langu. "Dobi, hivi doa unaliandika kabla ya kufua au baada?"

"Kabla! Ukishafua, utathibitisha nini?"

Maneno yakanirudia mwenyewe.

"Basi hapa umefua kabla ya kuandika," akasema Koplo, wala hakunikaripia.

Machozi yalinilenga. Niliona nimemmaliza mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu naye akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakuna ushahidi tena?"

Wifi akakohoa. "Mimi sijafuta."

Wote tukamgeukia.

"Mnanitazamia nini? Mimi sifuti kitu. Si mnanisemaga kila siku?"

Lo! Siku hiyo nilimkumbatia wifi yangu mpaka kilemba kikamvuka.

Koplo akacheka, akapokea simu ya wifi, kisha akawa makini. "Umeshamtumia mtu mwingine picha hii?"

"Bado," wifi akasema. Ile "bado" yake niliielewa. Kidole kilikuwa njiani.

"Usimtumie yeyote, hata kwa kumwonea huruma mtoto. Kila anayeisambaza anamsaidia mkosaji, na mwenyewe anaweza kuingia matatani. Iweke hapo hapo. Sasa, mpiga pasi, fungua ukurasa mpya kwenye daftari la mama."

Binti akachukua kalamu. Koplo akamwelekeza taratibu. Piga picha ya skrini ya kila kitu: ujumbe, picha, ukurasa wenyewe. Jina la ukurasa lionekane, na tarehe, na saa. Nakili kiungo cha ukurasa. Andika namba za waliopiga, kama zimebaki, na siku mambo yalipoanza. Usimjibu. Usimbembeleze wala usimtukane.

"Ukimaliza kuhifadhi, waripotie wenye mtandao. Kila mtandao una sehemu ya kuripoti. Sema ni ukurasa bandia, na kuna picha ya udhalilishaji. Halafu ndipo umzuie asikufikie."

"Kwa nini nisimzuie kwanza?"

"Ukimzuia kwanza, huenda usiuone tena ukurasa wake. Muulize mama yako."

"Andika, halafu fua," nikasema.

"Kesho njoo kituoni na daftari, simu zote mbili na kitambulisho."

Binti akasita. "Si watanicheka?"

Koplo akamshika bega. "Yupo anayeweza kukucheka, sitakudanganya. Ukimkuta, omba kuonana na mkuu wa kituo. Una haki ya kuomba askari mwanamke na chumba cha faragha. Na uje na mtu unayemwamini."

"Nitakuja na mama."

"Na mimi!" wifi akaruka. "Simu ni yangu. Mimi ndiye shahidi!"

Tulikwenda watatu. Wifi alivaa gauni la sherehe, kana kwamba anakwenda kutoa mahari. Kaunta tulimkuta askari mzee, anakunywa chai.

"Mambo ya simu?" akasema. "Si uzime tu simu, binti?"

Nilitaka kumjibu, na majibu ninayo. Lakini binti yangu alinibana mkono. Akasema mwenyewe.

"Nimekuja kutoa taarifa ya kosa, afande. Kama haiwezekani hapa, naomba kuonana na mkuu wa kituo."

Akaweka daftari kaunta, limefunguliwa. Tarehe, saa, jina la ukurasa, maneno ya vitisho, mstari kwa mstari. Mzee alisoma ukurasa wa kwanza. Akasogeza chai pembeni, akamwita Koplo.

Katika chumba kidogo chenye mlango wa kufungwa, Koplo aliandika maelezo, kisha akayasoma kwa sauti. "Usitie sahihi mpaka uridhike," akasema. Binti alikuta siku moja imekosewa. Ikarekebishwa, akatia sahihi. Mwisho tukapewa namba ya taarifa, ya kufuatilia kesi. Binti aliiandika kwenye daftari, chini ya namba ya blanketi la jirani.

Kwa ushauri wa Koplo, tulipitia chuoni siku hiyo hiyo. Tuliamua habari ifike kwa mdomo wetu, isifike kwa mdomo wa adui. Mkuu wa chuo alisikiliza, akaitazama namba ile. "Nafasi yako iko pale pale," akasema. "Na picha hiyo ikiletwa hapa, tutaipeleka polisi." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nikacheka peke yangu kwa furaha.

Siku ya tatu ukurasa ule uliondolewa. Simu ilitulia. Wiki ya pili polisi wakampata mwenyewe, kwa namba aliyofungulia ukurasa. Alikuwa mteja wetu! Yule aliyekuwa akileta shati moja moja, ili apate sababu ya kuja mara nyingi. Sasa kesi yake iko mahakamani. Shati lake la mwisho lilikuwa kwenye rafu yangu, limenyooshwa. Nilimpelekea kwa mkono wa nduguye, safi kabisa. Kazi ni kazi.

Binti yangu alianza chuo siku iliyopangwa. Jioni alirudi na sare nyeupe, na mkono wa kulia una doa la dawa ya zambarau. Mkono wangu ukawasha. Nikarukia sabuni.

"Mama!" akanizuia. "Andika kwanza."

Akachukua daftari, akaandika mwenyewe, huku akisoma kwa sauti: "Sare nyeupe. Doa la dawa, mkono wa kulia. Mwenye sare: mwanafunzi wa uuguzi."

Kisha akawasha pasi, akaanza kuimba. Sauti ni ile ile mbaya.

"Jamani, mwambie anyamaze," wifi akasema.

"Thubutu!" nikamwambia.