Tundu la Ukuta wa Kusini

Vibao vya plastiki vinavyovikwa kuta hulia vikipata joto. Tak, tak. Kila fundi anajua, ndiyo maana msumari haukazwi mpaka mwisho: unaacha nafasi, kibao kijivute na kujirudisha kinavyotaka. Kwa hiyo Placide aliposikia vibao vyake vikigonga mchana ule wa Juni 2018, hakushtuka. Alishtuka alipozunguka nyumba akakuta vinavyogonga ni vya ukuta wa kusini, na Johannesburg, wakati wa baridi, ukuta wa kusini hauoni jua hata la kuazima. Akaweka kiganja. Kibao kilikuwa cha baridi kabisa, na kilikuwa kinagonga.

Alipaswa kumwambia mkewe palepale. Hakumwambia. Wanaume, bwana.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa La Rochelle, ya matofali, ya zamani, rangi inabanduka kila ukiigusa. Mwenye nyumba alileta vibao, akampa Placide kazi ya kuivika, maana Placide, mtu wa Bukavu, alikuwa fundi na tena mpangaji wa humo humo, yeye na mkewe Denise na binti yao Victoire wa miaka saba. Chumba cha nyuma alikaa Bi Mwanaharusi, mama wa Tanga, muuza kanga na udi.

Chini ya ukuta wa kusini, usawa wa kitanda cha Victoire, palikuwa na tundu la hewa, kubwa kama tofali moja. Kila Alhamisi Bi Mwanaharusi alifukiza udi pale. Denise, mtu wa kanisa asiyecheka na mambo hayo, alipita amebana pua. Siku ya kusafiri kwenda Durban kufuata mzigo, Bi Mwanaharusi alimwita Placide kando.

"Baba, vika ukuta wote, lakini tundu lile usiliguse. Yupo mwenye njia yake. Hata mimi nilimkuta."

"Sawa, mama," akajibu Placide, kisha akaenda kumwambia Denise kila neno.

Hapo ndipo walipoharibu. Denise aliita kikundi cha maombi. Kikundi kile kikifunga, hufunga mpaka saa sita mchana, na sala kubwa ni saa hiyo hiyo. Basi saa sita kamili, jua utosini, wakasimama mbele ya tundu, kiongozi wao Lambert akamwaga mafuta, wakaimba, wakakemea mpaka sauti zikakauka, na Placide akalijaza tundu saruji na kupanga vibao juu yake. Shetani amefungiwa nje, wakasema, wakaingia kula. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza jini hushinda wapi mchana.

Kesho yake ndipo kugonga kulipoanza. Siku ya pili ikaja harufu, udi mzito uliochanganyika na kitu kama sufu iliyolowa, na haikutoka chumba cha nyuma kilichofungwa kwa kufuli, bali kwenye godoro la Victoire. Denise alifua mashuka mara mbili. Harufu ikabaki.

Siku ya tatu, jioni, jua linazama, wakamsikia Victoire anaongea chumbani peke yake. Lazima ujue kitu kimoja: mtoto huyu alizaliwa hapa hapa, Kiswahili alikisikia tu, hakukisema. Ukimsemesha, anakujibu Kiingereza. Na wenzake barabarani ni Kizulu.

"Nipisheni," alikuwa anasema, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka. "Magharibi imeingia na mimi sina pa kutokea."

"Mama Victoire," Placide akanong'ona. "Unasikia?"

"Minasikia. Usiseme kwa nguvu."

Wakasukuma mlango. Victoire alikuwa amepiga magoti kitandani, uso umegusa ukuta, na ukuta wote ukagonga kwa pamoja, vibao vyote, toka chini hadi darini, na Placide akatoka mbio na nondo, akavibandua kimoja kimoja, vingine vikipasuka, akaivunja saruji kwa nyundo huku akiomba na kutukana kwa pumzi moja, mpaka tundu likawa wazi na taa ya chumbani ikaonekana kwa ndani. Akangoja. Hakikutoka kitu. Kisha akamsikia Denise akilia, akarudi ndani, akamkuta mtoto ameachama, mdomo wazi kupita mdomo wa mtoto unavyoweza, na pazia la dirisha linasukumwa nje na upepo unaotoka kooni mwake.

Baada ya hapo Victoire akalala vizuri tu. Alfajiri akaachama tena, na safari hii upepo ulikuwa unaingia.

Walimpigia Lambert simu. Akasema atawaombea, ila akiwa kwake Hillbrow.

Bi Mwanaharusi aliporudi hakuhitaji kuelezwa. Alisimama mlangoni, akanusa, akakaa chini.

"Mchana hushinda ndani, hukimbia jua. Magharibi hutoka, alfajiri hurudi. Mlimfungia humu humu, wanangu."

"Tundu nimelifungua tena, mama," akasema Placide.

"Mmelimwagia mafuta yenu. Hatalitaka tena. Na sasa ameshaonja njia yenye joto."

"Sasa tufanye nini?" Denise akauliza. "Mama, niambie. Chochote. Nitafanya."

Bi Mwanaharusi akamtazama Victoire. "Jua likichomoza akiwa bado nje, harudi tena. Lakini kumzuia ni kumfumba huyu mtoto mdomo. Na mtoto ana mafua."

Kweli alikuwa nayo. Pua zilikuwa zimeziba tangu baridi ianze.

Wakajaribu Jumamosi. Mbingu ilipoanza kupauka, Denise akampakata Victoire, akamfumba mdomo kwa kiganja, na Placide akasimama dirishani kutazama mapaa. Mwanzoni mtoto alitulia. Kisha kitu kikaanza kusukuma kiganja kwa nje, laini na kwa subira, na kwa ndani kifua kidogo kikaanza kuruka, miguu ikapiga godoro, kucha zikamchimba Denise mkononi, na macho yakafunguka, macho ya Victoire mwenyewe, yamejaa machozi, yakimwangalia mama yake na kumwuliza anamfanya nini.

"Bado kidogo," akasema Placide. "Shikilia. Mapaa yameanza kuwa mekundu."

Midomo ya mtoto chini ya kiganja ilikuwa inakuwa ya baridi. Denise alimwita Mungu, akamwita mama yake aliyezikwa Bukavu.

"Bado kidogo tu, Mama Victoire."

Denise akaondoa mkono.

Victoire akavuta pumzi. Akavuta, akavuta, muda mrefu kuliko kifua kile kingeweza kubeba, na pazia likalala kuelekea kitandani. Ndipo jua likachomoza. Mtoto akajifuta machozi, akamshika mama yake shavu kwa upole.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia.