Kadi Moja, Dada Wawili

Jirani yetu tunamwita Redio, kwa sababu hakuna habari inayompita. Anasema shemeji yake alikwenda hospitali kubwa na kikohozi. Karani akatazama kompyuta, akamtazama shemeji, akatazama tena kompyuta. Kisha akamuuliza, "Mtoto anaendeleaje? Na mshono wa tumbo umepona?"

"Mwanaume mzima, ndevu mpaka hapa," Redio akasema. "Kompyuta inadai amejifungua kwa kisu."

Tulicheka mpaka Mama akadondosha shati alilokuwa anafua. Alipomaliza kucheka akasema, "Basi mimi hospitali ile sikanyagi. Wabaki na mashine yao."

Wakati huo mguu wake ulikuwa umeshavimba. Mama anafua nguo za watu. Ukingo wa karai ulimkata karibu na kifundo cha mguu. Alifunga kitambaa, akaendelea kufua. Kidonda kikawa chekundu, kikawa cha moto. Homa ikaanza kumtetemesha.

"Mama, twende hospitali."

"Nimesema siendi."

"Basi naita pikipiki, nakupakia kama gunia."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu. Umekitoa wapi?"

"Kwako."

Akachukua kadi yake ya hospitali. Tukaenda.

Zamani pale hospitali ulisubiri jalada lako litafutwe kwenye chumba kilichojaa makaratasi. Mara nyingine halikuonekana kabisa. Safari hii karani alisoma kadi ya Mama, akabonyeza, na daktari akaziona habari zake huko huko chumbani kwake.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani kwetu. Kadi ile ilikuwa moja, lakini wagonjwa wake walikuwa wawili. Mama mdogo alipoteza yake zamani, na foleni ya kupata nyingine ilimshinda. Akiugua, anachukua ya Mama. Wanafanana sura, sauti, hata mwendo. "Tumbo moja limetuzaa," mama mdogo husema. "Kadi moja inatutosha." Hakuna aliyeona ubaya. Kwetu, kumnyima ndugu kadi ni kama kumnyima maji ya kunywa.

Daktari aliandika dawa. Tukaingia chumba cha sindano. Nesi alisoma kompyuta, akachukua kichupa, akavuta dawa kwenye bomba. Mimi napenda kutazama mikono ya watu wakifanya kazi. Nikakisoma kile kichupa polepole. Penisilini.

Nikiwa mdogo niliona Mama akichomwa dawa hiyo. Midomo ilivimba, pumzi ikamkwama. Waliokuwepo walidhani ameshatutoka.

"Sista, ngoja," nikasema. "Hiyo itamuua."

Nesi hakukasirika. Alinigeuzia kompyuta. "Hebu tazama. Zamani iliandikwa kwamba dawa hii inamdhuru. Baadaye alikuja anaumwa koo. Akaulizwa, akasema haijawahi kumdhuru. Akachomwa, akakaa salama. Ndipo onyo likafutwa."

Koo lile nalikumbuka. Lilikuwa la mama mdogo.

Mama akanibana mkono. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Usimtaje mdogo wangu. Tuseme tutarudi kesho, twende zetu."

"Na mguu?"

"Nitaukanda kwa maji ya chumvi."

Niliutazama ule mguu. Ngozi ilikuwa inang'aa.

"Sinyamazi," nikasema, na nilisema kwa sauti. "Sista, aliyechomwa siku ile si huyu. Ni mdogo wake. Wanatumia kadi moja."

Benchi zima la waliosubiri sindano likatugeukia. Mzee mmoja akaguna. Mama akajifunika uso kwa viganja. Nikabaki nimesimama kati yake na lile bomba.

Nesi akaliweka chini. Akamwita daktari. Daktari akamuuliza Mama mwenyewe ilikuwaje, akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika dawa ya aina nyingine. Mama akachomwa hiyo. Akakalishwa pale atazamwe kidogo. Pumzi yake haikubadilika.

Kisha tukapelekwa kwa mtunza kumbukumbu, mwanamke mnene mcheshi. Nikamwambia habari ya shemeji wa Redio. Akacheka mpaka akashika meza.

"Kompyuta haizalishi wanaume," akasema. "Mwulizeni shemeji mkewe alijifungua kwa kadi ya nani."

Mama, aliyekuwa bado ameinama kwa aibu, akainua uso.

"Sikilizeni," mtunza kumbukumbu akasema. "Kompyuta haimjui mtu. Inajua ilichoambiwa. Zamani kosa lilibaki kwenye jalada moja. Siku hizi hospitali zote za serikali zinasoma habari zile zile. Zikiwa za kweli, zinakuokoa hata ukiletwa hujitambui. Zikichanganywa na za mwenzako, hatari inakufuata kila uendako. Kwa hiyo kila mtu apate namba yake, picha yake na alama ya kidole chake."

"Halafu kila mtu asome magonjwa yangu?" Mama akauliza.

"Hapana. Ni wanaokuhudumia tu, na kila mmoja ana neno lake la siri. Akifungua asiyehusika, jina lake linabaki humo na ataulizwa."

"Umeme ukikatika?" nikauliza mimi.

"Tunaandika kwenye karatasi, tunaingiza baadaye. Na msitegemee kompyuta peke yake. Kila mnapotibiwa semeni kwa mdomo: dawa hii inanidhuru. Hata wakiwaona wasumbufu."

"Huyu usumbufu hahitaji kufundishwa," Mama akasema.

Ilibaki kazi moja. Mama mdogo alitakiwa aje mwenyewe, aonyeshe matibabu yapi ni yake. Nilipomwambia, alisimama katikati ya ua.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Afadhali wewe uone haya kuliko mimi nimzike Mama."

"Unanijibu?"

"Nakujibu."

Mama alikuwa ameweka mguu juu ya kigoda. "Mdogo wangu," akasema, "koo lako lilitaka kunipeleka kaburini. Nenda."

Akaenda, huku amenuna. Walikaa na mtunza kumbukumbu, wakachambua tembe kwa tembe, homa kwa homa. Ikaonekana presha yote ilikuwa ya mama mdogo. Mama hana presha hata kidogo. Kumbe ndiyo maana madaktari walikuwa wanashangaa presha ya mtu mmoja inayopanda na kushuka namna ile. Sasa mama mdogo ana kadi yake, na ana dawa zinazomfaa yeye. Habari za Mama zikifunguliwa, neno la kwanza ni la onyo, kwa rangi nyekundu.

Kidonda kimefunga. Mama amerudi kwenye nguo zake.

Jana mama mdogo alikuja. Mimi nilikuwa nashona vifungo vya fundi cherehani ninayemfanyia kazi. Akakaa karibu yangu, akaongea taratibu.

"Mwanangu, kadi sawa. Namba sawa. Lakini siku nyingine ukiwa na neno la humu ndani, usiliseme mbele ya watu. Niahidi hilo tu."

Sikuahidi. Nikachukua kifungo kingine, nikaendelea kushona.