Matundu ya Vifungo

Yaliyomkuta shoga yangu mmoja, fundi cherehani, hata yeye hapendi kuyarudia. Alifumua gauni la mtumba, akamshonea bintiye kigauni cha vifungo sita mgongoni. Jioni moja ya mvua akamvalisha kumpima tu, maana matundu ya vifungo alikuwa hajayatoboa. Umeme ukakatika. Giza totoro. Akaingia jikoni kupapasa kiberiti, mkasi ukimning'inia shingoni. Huko chumbani akasikia: kwach... kwach... kama kitambaa kinakatwa.

"Mwanangu, usiguse kitu, nakuja!"

"Si uko hapa, mama? Mikono yako baridi."

Akawasha njiti, akarudi chumbani akiikinga kwa kiganja. Mtoto kampa mgongo, katulia tuli. Vifungo vyote sita vilikuwa vimefungwa, kila kimoja kwenye tundu lake.