Pilote ya Tantine Agar na Foni ya Stanislas

Umewahi kumwona mtu mzima akiharibu kazi yake nzuri kwa kudhani ina kosa? Basi sikiliza yaliyotokea Butembo, wakati wa vita.

Kila akitoka shuleni, Bénite alipitia ghala la kahawa kumpelekea chai shangazi yake, Tantine Agar, fundi wa kompyuta. Humo, waya mrefu uliunganisha kompyuta na mtambo wa kukaushia kahawa. Kompyuta ilikuwa na kadi ya mtandao, na kadi haifanyi kazi bila pilote, yaani programu ya kuiongoza. Pilote ya kawaida ilikuwa nzito, ya polepole. Amri ya kupunguza moto ilichelewa na kahawa ikaungua. Kwa hiyo Tantine Agar aliandika yake mwenyewe, ili amri ifike papo hapo. Amri isipofika, mtambo hujizima.

Juma zima, asubuhi mtambo ulizunguka vizuri; alasiri, kimya.

“Tena,” alisema Tantine, akisukuma kikombe pembeni. “Naandika hii pilote upya mpaka vidole vinauma. Mvua haikatiki, jua la kuanika hakuna, na kahawa ya wakulima, batu ba Vuhovi, imeanza kunuka. Wataimwaga yote.”

Stanislas, mwenye foni, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, alichungulia kutoka chumba cha pili. “Labda mashine imesikia bunduki, ikakimbilia porini kama siye.”

“Ongea na foni yako, Stanislas. Mimi uniache.”

Bénite hakucheka. Juma hilo askari walikuwa wamefunga barabara ya Beni, na mama yake alikwama hukohuko, mtaa wa Mulekera. Kila alasiri Stanislas alimruhusu kumsalimia kwa foni. Lakini waya wa antena ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa mtambo kwa mpira wa baiskeli, na tangu juzi Bénite alikuwa ameona: akibonyeza kitufe aongee, mtambo unazimika. Akisema, si wataondoa foni?

“Naifuta yote,” alisema Tantine, macho mekundu. “Nitawaambia wakulima nimeshindwa.”

“Tantine, hapana kufuta,” Bénite akasema kwa sauti ndogo. “Ni mimi. Nikiongea ku foni, mtambo unasimama.”

Walijaribu. Kweli. Stanislas akapanda juu, akafungua ule mpira na kuupitisha waya wa antena upande wa pili wa paa. Tantine akawasha mtambo. Ukazunguka bila kusita, na harufu ya kahawa kavu ikajaa ghalani.

Tantine alikaa kitako sakafuni. “Donc, kumbe pilote ilikuwa nzima; mawimbi ya foni ndiyo yalizuia amri kupita kwenye waya. Juzi nimefuta kazi nzuri, mutoto wangu. Ukijua jambo, sema siku hiyohiyo, hata kama linakuuma. Mwenzako asihangaike kutafuta kosa mahali ambapo halipo.”

“Nisamehe, Tantine.”

“Nimekusamehe. Nenda basi, mama yako anangoja.”

Bénite alibonyeza kitufe, sikio moja likiwa kwenye mtambo. Ulikuwa bado unazunguka.

“Tuko salama, mama,” alisema kama kila siku. Kisha akaongeza neno ambalo hakuwahi kulisema. “Lakini mimi nataka urudi nyumbani.”